Bunduki Ukutani, Mwizi Mlangoni

Wapo watu miongoni mwetu, hasa huku pembezoni mwa jiji, wanaoamini kwamba bunduki hulinda nyumba kwa kuonekana. Kwa imani yao haitoshi mtu kuwa na silaha. Ni lazima ijulikane kwamba anayo. Kwa hiyo hutundika getini kibao chenye picha ya bastola. Huenda kunywa supu asubuhi wakiwa wamechomekea shati kwa makusudi, ili kitako cha bastola kionekane kiunoni. Huisafisha bunduki barazani saa kumi jioni, wakati watoto wanatoka shule na vijana wa bodaboda wanapita. Na usiku wa kuamkia mwaka mpya hufyatua risasi mbili tatu hewani, ili mtaa mzima ujue nani ni nani. Ukiwauliza sababu, jibu lao ni moja: "Mwizi akijua ninayo, hathubutu."

Mimi nasema imani hiyo ni ya uongo, na tena ni ya hatari. Bunduki inayoonyeshwa haimfukuzi mwizi, humwita. Na mwenye kuionyesha hajihatarishi yeye peke yake, bali hututia hatarini sisi sote tunaoishi jirani naye. Hili ndilo neno langu lote, na yatakayofuata ni maelezo yake.

Ndugu msomaji, ni vema kwanza tuelewane kuhusu mahali ninapopazungumzia. Chanika si Oysterbay. Wengi wetu tulihamia huku kwa sababu kiwanja kilipatikana kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida angeweza kuilipa kidogo kidogo. Tulijenga chumba kimoja, tukahamia, tukaendelea kujenga huku tukiishi ndani. Nyumba zimetawanyika kati ya miembe na mikorosho. Kati ya nyumba na nyumba yamo mapagale ambayo wenyewe hawajapata fedha za kuyaezeka. Ziko njia nyingi ambazo jua likizama huwezi kumtambua mtu hata kama anapita hatua tano kutoka ulipo. Mtu akirudi kazini mjini kwa daladala, kupitia Gongo la Mboto na Pugu, mara nyingi hufika giza limeshaingia. Kwa mahali kama hapa, hofu ya wezi si ugonjwa wa fikra. Ni hofu ya haki. Simlaumu mtu kwa kuogopa, wala simlaumu aliyefuata taratibu zote, akachunguzwa, akapewa kibali, akanunua silaha yake kihalali. Sheria ya mwaka 1991 ilimruhusu, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi yake inamruhusu pia. Ugomvi wangu si na mwenye bunduki. Ugomvi wangu ni na mwenye kuitangaza.

Tuanze na mwizi mwenyewe, maana wanaotangaza silaha hudai kwamba wanamjua. Mwizi anatafuta nini ndani ya nyumba? Anatafuta kitu chepesi kubeba, chenye bei kubwa, na chenye mnunuzi wa haraka. Televisheni ni kubwa, yahitaji gari au angalau pikipiki na mtu wa kuishikilia. Friji haibebeki. Fedha taslimu siku hizi watu wengi hawaziweki ndani, zimo kwenye simu. Lakini bastola huingia kwenye kikapu cha mboga. Haiozi, haipitwi na wakati. Namba yake hukwanguliwa kwa tupa, na mnunuzi wake hadai risiti. Zaidi ya hayo, kitu kingine chochote akiiba mwizi hukiuza mara moja tu, biashara ikaisha. Bunduki ni mtaji. Aliyeipata leo anaweza kuitumia kesho kwa wakala wa fedha za simu, keshokutwa kwa mwenye duka la jumla, na wiki ijayo akamkodisha mwenzake. Kwa jambazi, bunduki ni kama jembe kwa mkulima. Sasa wewe unayetundika picha ya bastola getini, umeandika nini hasa? Wewe unadhani umeandika "Usiingie." Yeye amesoma "Jembe lipo humu."

Hata kabla hujasema neno, watu wanaoweza kuisoma habari hiyo ni wengi kuliko unavyofikiri. Fundi aliyekuja kuziba bomba, dada wa kazi aliyekaa miezi minne akaondoka kwa hasira, kijana anayeleta maji kwa mkokoteni, wageni wa arusi, watoto wa shule wanaosimuliana darasani baba wa nani ana nini. Sisemi hawa ni wezi. Wengi wao ni watu waaminifu kuliko baadhi ya wenye nyumba. Nasema tu kwamba habari haina mlango. Ikishatoka haichagui pa kwenda, na mwisho wake itafika katika sikio lililokuwa likiisubiri.

Jambo la pili ni hili: bunduki iliyojulikana imepoteza nusu ya nguvu zake. Nguvu ya silaha ya mtu binafsi, kama inayo, ni kwamba mvamizi hakuitegemea. Anayevunja nyumba asiyoijua huja na mtaimbo na panga, na akishtukiwa hukimbia. Lakini anayekuja katika nyumba inayojulikana kuwa na bunduki huja amejiandaa. Huja na wenzake, huja na bunduki yao, na hawezi kukupa nafasi ya kuuliza "Nani wewe?" Atapiga kwanza, kwa sababu umekwisha kumfundisha kwamba akichelewa utampiga wewe. Kibao kile ulichokitundika ili kumtisha ndicho kilichoamua aje na nini, aje na nani, na aanze na lipi. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Hawakusema simba anayenguruma.

Watanijibu kwamba hayo ni maneno ya mtu mwoga, na kwamba ukweli wa mambo ni kwamba watu huogopa bunduki. Basi tutazame wale wenye bunduki kuliko mimi na wewe, yaani polisi, tuone kama kuonekana kwa silaha zao kumewaepusha na majambazi.

Sina haja ya kwenda mbali. Katika barabara hiyo hiyo tunayoipita kwenda mjini, kule Ukonga, kuna kituo cha polisi cha Stakishari. Hakuna mtu asiyejua kwamba kituo cha polisi kina bunduki. Ni jengo ambalo kuwepo kwake tu ni tangazo la silaha. Usiku wa Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, watu wenye silaha walikivamia. Walipoondoka, watu saba walikuwa wamekufa, wanne kati yao wakiwa askari polisi, na bunduki zilikuwa zimechukuliwa. Hawakwenda Stakishari kutafuta televisheni. Hawakupotea njia wakadhani ni benki. Walizifuata bunduki, na walizifuata pale walipokuwa na uhakika kwamba zipo. Siku chache baadaye polisi walitangaza kwamba wamezipata silaha zikiwa zimefukiwa ardhini wilayani Mkuranga.

Na Stakishari haikuwa peke yake. Septemba 2014 kituo cha Ushirombo, mkoani Geita, kilivamiwa, askari wakauawa, silaha zikaporwa. Januari 2015 ikawa zamu ya Ikwiriri, Rufiji. Askari wawili waliuawa, na bunduki zikachukuliwa. Tarehe 23 Agosti 2016, kule Mbande, askari waliokuwa zamu katika tawi la benki walishambuliwa. Wanne waliuawa, na waliowaua waliondoka na silaha zao. Na tarehe 13 Aprili 2017, katika eneo la Kibiti, mkoa wa Pwani, askari wanane waliokuwa wakirudi kutoka lindo waliuawa njiani, silaha zao zikachukuliwa. Tukivuka mipaka tutakuta hadithi ni ile ile. Oktoba 2022, nchini Uganda, kituo cha polisi cha Busiika, wilayani Luweero, kilivamiwa usiku. Askari wawili waliuawa na bunduki zikaporwa.

Hao wote walikuwa na sare, walikuwa na mafunzo, walikuwa na wenzao wa kuwaita, na nyuma yao ilikuwepo serikali nzima. Bunduki zao hazikufichwa. Zilikuwa mabegani, mchana kweupe. Ikiwa haya yote hayakumzuia mtu aliyezitaka, wewe mwenye bastola moja, uliyelala usingizi saa nane za usiku na feni inavuma, kibao chako getini kitamzuia kwa uwezo gani? Askari hana hiari. Kazi yake inamlazimu abebe silaha hadharani, nasi tunamheshimu kwa kuibeba hatari hiyo kwa niaba yetu. Wewe una hiari. Unaibeba hatari ya askari bila kuwa na kinga ya askari, na yote ni kwa ajili ya sifa.

Sitaki nionekane natia chumvi. Nakubali kwamba yuko mwizi mdogo, kibaka wa kuanua nguo kwenye kamba na kuiba kuku, ambaye akiona picha ya bastola huenda atavuka aende nyumba ya pili. Huyo ni kweli unaweza kumtisha. Lakini huyo pia hutishwa na taa inayowaka nje, na mbwa anayebweka, na jirani anayekohoa. Kumfukuza kibaka kwa bastola ni sawa na kuchoma shamba ili kufukuza nguchiro. Unamkimbiza mwizi wa kuku, unamkaribisha mwizi wa bunduki.

Na hata kibaka huyo hafukuziki daima, maana nyumba haina bunduki tu, ina ratiba. Wewe huwezi kukaa na bastola mkononi saa ishirini na nne. Utakwenda kazini, utakwenda msibani Morogoro, utampeleka mama hospitali ukakesha huko. Mara nyingi bunduki hubaki nyumbani, kabatini, chini ya godoro au juu ya dari, mahali ambapo kila mwizi duniani huanzia kutafuta. Kwa hiyo mwenye kujua kwamba unayo hana haja ya kupigana nawe. Anasubiri uage majirani, basi.

Wenzetu wa Marekani wana bunduki nyingi majumbani kuliko taifa lolote, hivyo tukitaka kujua kama wingi wa silaha humfukuza mvunja nyumba, wao wangekuwa wa kwanza kutuonyesha. Wataalamu wawili wa huko, Philip Cook na Jens Ludwig, walilichunguza swali hilo hilo na kutoa matokeo yao mwaka 2003. Hawakuona kwamba mahali penye bunduki nyingi majumbani uvunjaji wa nyumba hupungua. Waliona kwamba huelekea kuongezeka, na sababu mojawapo wanayoitaja ni kwamba bunduki yenyewe ni ngawira nono. Desemba 2012, gazeti moja la jimbo la New York lilichapisha ramani ya majina na anwani za watu wenye vibali vya bastola katika wilaya mbili. Na waliopiga kelele kwa nguvu zaidi ni nani? Ni wenye bunduki wenyewe! Walilalamika kwamba wezi sasa wameonyeshwa nyumba za kwenda kuiba silaha. Kabla mwezi uliofuata haujaisha, gazeti likaiondoa ramani. Tafakari jambo hilo, msomaji. Wenye bunduki wa Marekani waligombana na gazeti kwa sababu limetangaza kile ambacho wenye bunduki wa mtaani kwetu hukitangaza wenyewe, kwa rangi nyekundu, kwa gharama zao.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mtu akitangaza dhahabu yake akaibiwa, hasara ni yake. Mtu akitangaza bunduki yake akaibiwa, hasara ni ya watu asiowajua. Bastola iliyoibwa Chanika haitakaa Chanika. Itakwenda Mbagala kwa mama mwenye kibanda cha fedha za simu, itakwenda Kimara kwa dereva wa teksi, itakwenda Tegeta kwa kijana aliyetoka benki na mshahara wa wafanyakazi wenzake. Kila mmoja wao atanyooshewa silaha iliyonunuliwa kihalali, yenye kibali, iliyoingizwa katika jamii ya wahalifu na majivuno ya mtu mmoja aliyetaka aogopwe na wauza mitumba. Yeye ataripoti kituoni kwamba ameibiwa, atahojiwa, atasikitika, maisha yake yataendelea. Mama wa Mbagala hana mahali pa kuripoti kwamba amekufa.

Na wapo wasioripoti. Huona aibu, au huogopa kuulizwa waliihifadhije, wakanyamaza wakitumaini kwamba itapatikana. Nadhani mwenye silaha akaaye kimya baada ya kuibiwa ameacha kuwa mwathirika, amekuwa mshirika. Mwaka 2016 serikali ilipoamuru wenye silaha wote wazipeleke kuhakikiwa, wengi walinung'unika kwamba wanasumbuliwa. Mimi sikuona usumbufu. Niliona kwamba jamii ilikuwa na haki ya kuuliza swali moja jepesi: ile bunduki tuliyokuruhusu uwe nayo, bado iko kwako?

Nadhani kiini cha maradhi haya si hofu, bali ni ukubwa. Hofu humfanya mtu afunge mlango. Ukubwa humfanya aufungue ili aonekane. Tazama ni wapi bastola huonyeshwa zaidi. Si njiani gizani, ambako kuna hatari. Ni baa, ni kwenye kikao cha harusi, ni kwenye ugomvi wa mpaka wa kiwanja, mahali ambapo hakuna jambazi hata mmoja, bali wapo watu wa kutishwa: mhudumu, mpangaji, jirani mwenye hati isiyokamilika. Mtu wa namna hii hailindi nyumba yake. Anaitawala mitaa yetu. Naye akiambiwa hivyo hukasirika, akakukumbusha kwamba anayo.

Basi tufanyeje? Kwa mwenye silaha, shauri langu ni fupi. Ondoa kibao. Funga mdomo. Nunua sanduku la chuma, ulifunge ukutani kwa boliti na si kulilaza juu ya kabati. Risasi uziweke mbali na silaha. Watoto na watumishi wasilijue lilipo, na wageni wasijue kama lipo. Usisafishe silaha mahali penye macho ya watu. Usiende nayo mahali penye pombe. Unaposafiri, nenda kituoni ukaombe ushauri wa kuihifadhi, usiiachie nyumba tupu ikulindie. Na kama huwezi kuwa na bunduki bila mtu kujua, basi huistahili, irudishe.

Kwa sisi tusio na silaha, ambao ndio wengi, dawa haipo dukani. Miaka ya mwanzoni ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi waliochoshwa na wizi wa mifugo na ujambazi walianzisha sungusungu. Silaha yao kubwa haikuwa mishale. Ilikuwa ni yowe na filimbi. Kwamba ukipiga, kijiji kizima kinatoka. Najua sungusungu walikuwa na makosa yao, wapo walioonewa na walioadhibiwa bila hukumu, wala sipendi tuyarudie hayo. Lakini ule msingi ni sahihi. Mwizi anaweza kujiandaa dhidi ya bastola moja. Hawezi kujiandaa dhidi ya nyumba arobaini zilizo macho. Ulinzi shirikishi tunaojivutavuta kuuchangia kila mwezi, taa moja mbele ya kila nyumba, namba ya simu ya mjumbe na ya majirani watano, kumjua kwa jina kijana anayekaa kwenye lile pagale: hivi vyote gharama yake ni ndogo mno kuliko bei ya bastola, na hakuna hata kimoja ambacho mwizi angependa kukiiba.

Tena hivi ni vitu vinavyofaa kutangazwa. Taa ionekane, mlinzi aonekane, majirani waonekane wakisalimiana. Hapo ndipo mwizi akijua, hathubutu kweli.

Mwenye kibao cha bastola ananiambia kwamba mimi namfundisha unyonge. Simfundishi unyonge. Namwambia kwamba mlango wa nyumba yake unatazamana na wa kwangu, na kwamba siku wanaume sita watakapokuja kuifuata hiyo bunduki aliyoisifu kwa miaka mitatu, hawatapita kwake bila kupita kwangu. Mimi nina watoto ndani. Kwa hiyo jambo hili si siri yake wala haki yake peke yake. Ni shauri letu sote, na naomba alishushe bango lile kabla ya jua la leo kuzama.